Kijana Mwenye Daftari Anapobisha Hodi

Ndugu msomaji, tuseme ni saa kumi za jioni. Umeketi chini ya mwembe wako unachambua majani ya tumbaku. Mama watoto anapepeta mahindi. Mara mbwa wanabweka, na kijana anatokea njiani, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani, mkononi daftari na barua yenye muhuri.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?”

“Natoka chuo kikuu, babu. Ninafanya utafiti juu ya utawala. Naomba unisimulie habari za watemi.”

Hapo moyo unashtuka. Utawala? Watemi? Huyu ametumwa na nani? Anatafuta mashamba ya kuchukua? Anataka kujua ng'ombe zangu ni wangapi? Ni mtu wa chama gani? Basi wengi wetu hujibu upesi: “Mimi sijui kitu, mjukuu wangu. Nenda kwa mwenyekiti.” Kijana anashukuru, anaondoka, na jambo linaishia hapo. Mwaka unaofuata yule mzee anazikwa, na yale aliyoyajua yanazikwa pamoja naye.

Kwa sababu hiyo leo tuzungumze habari za kijana huyu. Huenda akawa mtoto wa mtu mwingine, na huenda akawa mtoto wako mwenyewe, anayebisha hodi katika kijiji cha mbali.

Kwanza, neno siasa limetuharibia mambo. Tukilisikia tunaona bendera, jukwaa na vipaza sauti. Lakini iko siasa ya kushindania vyeo, na iko siasa ya kusomwa darasani, kama vile iko malaria ya kuugua na malaria ya kusomwa na mganga. Anayesoma udaktari hasomi malaria kwa kuwa anaipenda. Vivyo hivyo, anayesoma elimu ya siasa anataka kujua watu wanatawaliwaje: nani anaamuru, nani anatii, kwa nini anatii, nani analipa kodi na fedha inakwenda wapi.

Katika vyuo vinavyofuata desturi ya Kiingereza, mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta daraja la heshima hutakiwa, karibu na mwisho wa masomo yake, kuchagua swali moja, kulitafutia jibu mwenyewe, na kuandika kitabu kidogo juu yake. Usichanganye jambo hili na shahada ya heshima wanayopewa wakubwa, ambao huvikwa joho mchana mmoja bila kukaa mtihani. Hii ya mwanafunzi hupatikana kwa jasho, na huku kwetu pengine kwa kuumwa na mbung'o.

Shida kubwa ni hilo swali. Mwanafunzi mchanga hutaka kuuliza jambo kubwa kama anga: Kwa nini Afrika ni maskini? Mwalimu wake humrudisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka swali lipungue na kutosha mkononi. Mtu hawezi kulima mbuga nzima kwa jembe moja. Lakini akilima kipande chake vizuri, hata jirani atakuja kutazama.

Labda mzazi utasema: niliuza ng'ombe wawili ili mtoto wangu awe mtu wa ofisi, na sasa anazunguka vijijini kuuliza habari za kale? Mtazame basi kijana mmoja aliyepita hapa hapa Tabora. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937. Shule ile ilikuwa imefunguliwa mwaka 1925, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wana wa watemi kazi ya kutawala chini ya Waingereza. Mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Huko akakutana na kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill, kilichotoka mwaka 1869, juu ya wanawake kuwekwa chini ya wanaume.

Wanafunzi wengi wangekariri maneno ya Mill, wakapata alama zao, wakalala. Yeye aliuliza: maneno haya ya Mwingereza, je, ni kweli kwetu Uzanaki? Baba yake alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi, maana tangu utotoni alikuwa ameiona kazi ya wanawake wale. Akaandika insha, na insha hiyo ikashinda katika mashindano ya uandishi. Alilichukua neno la kitabuni akalipeleka nyumbani likapimwe, kama mtu anavyopeleka mzigo kwenye mizani. Huo ndio utafiti, ingawa wakati ule hakuna aliyempa jina hilo kubwa. Baadaye alirudi Tabora akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, ambayo leo yaitwa Mihayo. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada ya M.A. Mengine mnayajua.

Wa pili ni kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Yeye alisoma siasa na uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1967 hata 1970. Akiwa mwanafunzi alivuka Ruvuma, akaingia sehemu za Msumbiji zilizokuwa mikononi mwa FRELIMO, ili aone kama aliyoyaandika Frantz Fanon juu ya nguvu ya silaha katika kujikomboa yalikuwa kweli. Akaandika insha yake juu ya hayo. Januari 1986 akaingia Kampala akiwa mkuu wa jeshi la msituni. Sitaki kuamua hapa kama alijibu swali lake vema au vibaya. Waganda wenyewe hawajapatana. Nasema tu kwamba daftari la mwanafunzi si mchezo wa watoto.

Sasa turudi Unyanyembe, nikuonyeshe kwa nini kijana anakuja kwako, wala hatosheki na vitabu vya maktaba.

Wewe unayekaa karibu na Kwihara, au Itetemia, au kando ya barabara ya kwenda Urambo, unakaa juu ya njia iliyojulikana dunia nzima. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo penye ukame, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: moja kwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine kwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu wenyewe. Walishusha pembe za ndovu pwani, wakapanda na nguo, shanga, waya za shaba na bunduki. Na kila mtawala ambaye msafara ulikanyaga nchi yake alidai hongo.

Ngoja kidogo hapo. Leo ukisema hongo, watu wanafikiri rushwa, jambo la kificho na la aibu. Zamani zile hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, na ilitolewa mchana kweupe. Msafara ulilipa nguo au shanga, na mwenyeji akawapa wageni njia, maji na amani. Mapadre Weupe wa kwanza walipotoka Bagamoyo mwaka 1878, nao walilipa hongo Ugogo kama wasafiri wengine. Padre Pascal, mmoja wao, alifia njiani mwaka ule ule kabla ya kufika Unyanyembe. Basi neno moja limegeuka, kutoka haki ya mtawala mpaka uovu wa karani. Ligeuka lini, na kwa nini? Hilo peke yake lingetosha kitabu kidogo cha mwanafunzi, na mimi ningekisoma.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipofariki, karibu na mwaka 1859, alirithiwa na Mnywa Sere. Mtemi mpya akaona mali inavyopita mlangoni pake, akaamua Waarabu wa Tabora nao walipe kodi juu ya biashara yao. Wao walikuwa wamezoea kukaa bila kutozwa. Wakakataa, wakashika bunduki, wakamfukuza, wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akapigana nao porini miaka mingi, na misafara ikakwama kwa kukosa wapagazi na chakula. Mwaka 1865 alikamatwa akauawa. Mwaka 1871 akainuka Mirambo wa Urambo, akaifunga njia ya Ujiji, na biashara ya pembe ikashikwa na homa mpaka Unguja.

Swali la mwanafunzi ni dogo: nani alikuwa na haki ya kutoza kodi njiani? Kisha atazame nani ameandika majibu. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857, wakapokelewa na tajiri Mwarabu, Snay bin Amir. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, hata akaenda vitani upande wa Waarabu kupigana na Mirambo, na wakashindwa vibaya. Livingstone naye alikaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi. Mtu hulala kwa mwenyeji, hula chakula cha mwenyeji, na mara nyingi huandika maneno ya mwenyeji. Ndiyo maana katika vitabu vingi vya wakati ule Mnywa Sere ni mwasi, na Mirambo ni mnyang'anyi.

Kwa haki niongeze kwamba Speke, alipopita tena mwaka 1861, alikutana na Mnywa Sere, akayasikia malalamiko yake na kuyaandika. Na Stanley mwaka 1876 alichanjiana udugu na Mirambo, na tangu hapo maneno yake yakawa mengine kabisa. Hata mwandishi hubadilika akibadilisha mwenyeji!

Baadaye mizani ikaelemea upande wa pili. Mwaka 1966 kilitoka kitabu cha Kiswahili cha J. B. Kabeya juu ya Mtemi Mirambo, na humo Mirambo ni shujaa. Mimi nakipenda. Lakini “mnyang'anyi” na “shujaa” ni maneno mepesi yote mawili. Kijana mwenye daftari inampasa afike pia katika vijiji ambavyo ruga-ruga wa Mirambo walivichoma moto, aulize wajukuu waliambiwa nini. Inampasa aulize habari za watumwa waliopita njia ile ile, maana hongo iliyolipwa juu ya pembe ililipwa pia juu ya watu. Mtafiti akirudi na jibu lile lile aliloondoka nalo chuoni, mimi humshuku kwamba hakutoka chumbani.

Utasema, wazee waliomwona Mirambo wamekwisha siku nyingi. Ni kweli. Mirambo alifariki mwaka 1884. Hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa wakati wa likizo waende kusini, wengi wao nyumbani kwao wenyewe, wakawaulize wazee habari za vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Walioongoza kazi ile walikuwa John Iliffe na Gilbert Gwassa. Mpaka wakati ule, yaliyosomwa sana juu ya Maji Maji yalitoka katika barua na taarifa za Wajerumani. Vijana wakaketi na wazee waliokuwa watoto wakati wa vita, au waliopigana wenyewe, wakaandika. Hawakuwa maprofesa, walikuwa wanafunzi wanaohesabu siku za likizo. Leo wataalamu wa dunia nzima wakiandika juu ya Maji Maji, lazima wapitie makaratasi yale, kwa kuwa wale wazee hawapo tena, wala hakuna atakayewaamsha. Kazi ile ingechelewa miaka ishirini tu, ingekuwa bure.

Je, na sisi miaka yetu ishirini inakwisha lini?

Nikupe mfano. Mwaka 1926 Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, waliweka sheria ya kutawala kwa mikono ya watemi. Mtemi akawa na hazina, na baraza la hukumu, na mshahara, na kazi ya kukusanya kodi. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ikaufuta utemi kwa sheria, na watemi wakaenda zao. Hapakuwa na vita. Sasa tazama jirani zetu. Mwaka 1966 huko Buganda, Serikali ya Obote iliposhindana na Kabaka Mutesa, askari waliishambulia ikulu ya Mengo kwa bunduki, watu wakafa, Kabaka akakimbilia London akafia huko mwaka 1969. Kwa nini huku kimya, na kule damu?

Wenye vitabu wana majibu yao. Wengine husema kwetu makabila ni mengi na hakuna lililotawala mengine. Wengine husema TANU ilikuwa imekwisha kuingia kila kijiji. Wengine husema watemi walikuwa wamechukiwa kwa kuwa wamefanywa makarani wa kodi ya Mwingereza. Majibu hayo matatu hayafanani, na huenda kila moja ni kweli mahali fulani. Lakini ni nani ajuaye mambo ya Unyanyembe, au ya Uyui, au ya Urambo? Ni yule aliyekuwako. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1963 leo amepita themanini. Anakumbuka kama mtemi alimpa mtu wa njaa akiba ya mtama, au alimchukulia ng'ombe. Anakumbuka watu walicheka au walilia siku ile. Anakumbuka nani alikuja kukusanya kodi mwaka uliofuata, na kama alikuwa mkali zaidi au mpole zaidi.

Hapo hapo Tabora, Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake wa mwaka na kukata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikasirika sana na sharti lile, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Nyerere alisimama akawashawishi wenzake, na TANU ikaingia, ikashinda. Yaliyosemwa ukumbini yameandikwa. Lakini waliowapikia wajumbe ugali, waliowalaza nyumbani mwao, waliosikia waliyonong'ona usiku baada ya mkutano, je, nani aliwauliza?

Basi kijana akifika kwako, mwombe kwanza barua ya chuo na ruhusa ya wilaya. Si kumdharau, mwanafunzi mwema atafurahi kuonyesha. Muulize swali lake ni lipi. Asipoweza kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida, mwambie akafikiri tena, maana hata yeye hajalielewa. Kama hutaki jina lako liandikwe, sema, naye ana wajibu kukutii. Na usiogope kusema sijui. Mzee anayebuni ili kumpendeza mgeni anamdhuru kuliko anayenyamaza, kwa sababu uongo ukiisha kuandikwa chuoni huvaa joho na kuitwa elimu.

Mwite na bibi. Nimeona mara nyingi wanaume wanne wameketi wanajibu habari za kodi na mabaraza, na mwanamke aliyeuza pombe ili kodi hiyo ipatikane yuko jikoni, hakuna anayemwuliza. Tangu insha ya Makerere imepita miaka themanini, na bado.

Na wewe mzazi mwenye mtoto chuoni, nina neno kwako pia. Nilimjua kijana mmoja, sitamtaja wala chuo chake, aliyepewa fedha na baba yake za kwenda vijijini. Hakwenda. Alikaa mjini majuma mawili, akajaza daftari majibu ya wazee aliowazua mwenyewe, hata umri wao akaubuni. Akafaulu! Siku alipoajiriwa na kutumwa aandike taarifa juu ya shida ya maji katika kata fulani, alifanya vile vile, maana ndivyo alivyojifunza. Kisima kikachimbwa pasipo na watu. Kwa hiyo mtoto akirudi likizo, usimwulize tu kama amefaulu. Mwambie: nisomee ulichoandika. Mzee gani alikuambia haya? Anakaa wapi? Anafuga nini? Kijana aliyefika kweli atakujibu mara moja, hata jina la mbwa atakutajia.

Mwisho, mgeni wako akifunga daftari, usimwache aondoke hivi hivi. Mwambie kitabu kikiisha, nakala moja iletwe kijijini, ikae shuleni au parokiani, iandikwe au ielezwe kwa Kiswahili. Mjini Tabora penyewe pana chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo. Wanafunzi wake hawana safari ndefu ya kurudisha kitabu. Na kabla hajaenda, mwombe akusomee aliyoyaandika kutoka kinywani mwako. Kama amekosea jina la mtemi, au la mto, au mwaka wa njaa, mwambie afute, aandike upya.